Fungua Jedwali la Chai Kabla Hujalipia Kozi

Jana usiku kijana mmoja wa Langoni, hapa Lamu, kaniandikia: "Kaka, nilipie kozi gani nijue kupanga kanzidata?" Yaani yale majedwali ya kutunzia kumbukumbu kwenye kompyuta. Nimemwambia asilipe bado. Jibu hilo mimi lilinigharimu.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa ya nyumba ya wageni kule Shela. Nilijiona fundi. Jedwali la wageni, la vyumba, la siku walizolala, basi. Bei niliiweka kwenye vyumba tu, kwa sababu nilishasoma kwamba habari moja isiandikwe mara mbili. Disemba chumba cha juu kilikuwa shilingi 6,000 kwa usiku. Masika yakaingia, wageni wakaadimika, mwenyewe akashusha hadi 3,500. Nikabadilisha bei, nikaenda zangu.

Wiki ya pili akaniita barazani. Mkono mmoja kashika risiti ya karatasi, mkono wa pili ripoti yangu. Mgeni wa Disemba, usiku nne: karatasi inasema 24,000, ripoti inasema 14,000. "Mwanangu, elfu kumi zangu zimekwenda wapi?" Msimu mzima ulikuwa umepungua vivyo hivyo. Nilijaribu kueleza, nami mwenyewe sikuelewa ninachokieleza. Kazi ikaishia pale. Neno la wizi hakulitamka mbele yangu, lakini Shela si kubwa, lilinifikia. Mpaka leo linaniuma.

Na dawa nilikuwa nayo kwenye kompyuta muda wote! Northwind, ile kanzidata ya mfano ya Microsoft Access ya zamani (programu ya kutengenezea kanzidata), ya kampuni ya kubuni inayouza vyakula. Nilishaifungua mara nyingi, nikasifu fomu zake, nikafunga. Safari hii niliingia kwenye majedwali. Bidhaa namba 1 inaitwa Chai, naam, kwa jina letu hili hili. Kwenye jedwali la bidhaa bei yake ni dola 18. Kwenye mistari ya oda za 1996, chai ile ile ni 14.40. Nikadhani wamekosea. Kumbe 18 ni bei ya sasa, na 14.40 ni bei aliyouziwa mteja siku ile, ikanakiliwa kwenye oda yake ikabaki hapo. Hizo ni habari mbili, kila moja na mahali pake. Mimi kule Shela niliweka moja tu, ndiyo maana ripoti ikahesabu usiku wa Disemba kwa bei ya masika.

Basi ndugu zangu mnaotaka ufundi huu, msichukue mfano mkabadilisha majina ya majedwali mkasema mmejenga. Shika jedwali moja, uliza kila safu, yaani kolamu, imewekwa kwa nini. Futa safu moja kwenye nakala, uone ripoti gani inaharibika. Kisha uliza tena: hii imewekwa kwa nini? Msione uvivu, jamani, fedha za watu ni amana.

Mwezi uliopita nimekabidhi mfumo kwa mwenye boti zinazovusha abiria kutoka Mokowe. Wiki ile ile nauli ikapanda. Nilifungua hesabu za siku tatu nyuma huku mikono ikitetemeka. Hazikusogea hata shilingi moja.