Barua kwa mwanangu: kuhusu kushuka dozi ya methadoni

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na nimeisoma mara tatu kabla ya kushika kalamu. Umeniuliza kama ni busara, baada ya miaka mitatu ya kunywa methadoni, dawa unayopewa badala ya heroini, kila asubuhi, kushuka kutoka miligramu 70 kwa kupunguza miligramu 10 kila wiki, ili wiki saba zikiisha uanze kazi mpya ukiwa, kwa neno lako mwenyewe, "msafi". Kushuka unaweza, mwanangu, ila si kwa hesabu hiyo.

Miligramu 10 za kwanza ni sehemu moja kati ya saba za dozi yako ya sasa, na huenda usihisi hata kama zimeondoka. Ukifika 20, miligramu 10 zilezile zitakuwa nusu ya dozi nzima, na mwili utazidai. Ndiyo maana wapo wanaoteremka vizuri hadi 30 hivi, wakaona kazi imekwisha, kumbe ndiyo kwanza inaanza. Wataalamu wengi hupunguza asilimia 5 hadi 10 ya dozi ya wakati huo, kisha husubiri wiki mbili hadi nne kabla ya kupunguza tena. Kwa mwendo huo safari yako ni ya mwaka mzima au zaidi, na najua hilo halitakufurahisha.

Tena methadoni haina haraka ya kutoka mwilini. Kwa watu wengi huchukua siku nzima au zaidi kupungua kwa nusu tu, hivyo dozi ikibadilishwa, mwili huhitaji siku kadhaa, pengine wiki, kutulia kwenye kiwango kipya. Anayepunguza kila wiki hupunguza tena kabla mwili haujasema lolote kuhusu punguzo lililopita. Hata arosto yake, yale mateso ya mwili unapoikosa dawa, ni ya namna hiyo: ile ya heroini huja upesi na kali yake hupita kwa takriban wiki moja, lakini ya methadoni huchelewa siku moja au mbili, kisha ikakaa wiki mbili, tatu, na usingizi ukasumbua hata baada ya hapo.

Sina budi kuitaja mara ile ya kwanza, kwa sababu aliyekuharakisha nilikuwa mimi. Niliiona dawa ile kama kamba uliyofungwa nayo, nikakusukuma uimalize kwa wiki sita. Nakukumbuka umeketi ukingoni mwa kitanda, umejifunika blanketi mchana wa jua kali, miayo haikatiki, machozi yanakutiririka bila kulia, vinyweleo vya mikono vimesimama. Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nikihesabu siku kwa furaha. Siku ya kumi na moja nikakukuta kwenye sakafu ya bafu, midomo imeingia rangi ya samawati. Ulichotumia siku ile, uliniambia baadaye, hakikufika hata nusu ya ulichokuwa umezoea zamani. Mwili ulikuwa umeshapoteza uzoefu wake, nasi hatukuwa tumeambiwa kwamba wiki nne za mwanzo baada ya kuacha dawa ndizo zenye hatari kubwa zaidi ya kufa kwa kuzidisha. Kwa hiyo safari hii naloksoni, dawa ya kumzindua aliyezidisha, iwepo nyumbani kabla ya punguzo la kwanza, na unayeishi naye afundishwe kuitumia. Vidonge vya usingizi na pombe, usiviguse. Vikichanganyika na methadoni hudidimiza pumzi.

Sasa hilo neno "msafi". Miaka mitatu hii umeamka, umefanya kazi, umelipa madeni na umelala kwako, yote hayo ukiwa kwenye dozi. Dawa hiyo Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005, na wapo wanaoitumia miaka mingi kwa ushauri wa daktari wao. Jiulize ni nani hasa anayetaka uiache. Kama ni mwajiri, au majirani, au woga kwamba mimi bado nakuonea aibu, ahirisha. Kama ni wewe mwenyewe, mweleze daktari kama ulivyonieleza, wala usijipunguzie kimyakimya. Kubalianeni mapema kwamba unaweza kusimama kwenye kiwango kimoja hata miezi miwili, au kupanda tena kidogo mambo yakiwa magumu. Muulize pia kuhusu buprenofini, dawa nyingine ya kazi hiyohiyo, ambayo wengine huhamia wakishafika dozi ndogo. Ila hiyo huanzishwa kwa usimamizi wake, baada ya arosto kuanza, kwa sababu ikitumiwa mapema huing'oa methadoni ghafla na arosto ikaja kwa kishindo.

Na kazi mpya, ianze kwanza. Miezi yake ya mwanzo ina misukosuko ya kutosha, usiiongezee na hii.

Miadi yako ukishapangiwa, niandikie siku na saa. Ukipenda niingie nawe nitaingia. Ukipenda nikusubiri nje, nitakaa kwenye benchi.

Mimi mama yako.