Jibu: Magauni ya wapambe sita, bajeti ndogo

Habari dada. Umesema wapambe ni sita, bei za kukodi zimewashinda na harusi ni mwezi ujao. Mimi ningeshona.

Nenda Kariakoo, nunua kitambaa cha wote siku moja, kutoka jora moja. Sisi tulirudi kuongeza mita sita, muuzaji akaapa ni rangi ile ile. Kwenye picha wapambe wanne wako damu ya mzee, wawili nyanya!

Kabla ya kulipa, kitoe juani, kisha kikunje ngumini. Kikibaki na makunyanzi, achana nacho. Bitana usibanie, satini nyepesi inaonyesha kila kitu.

Fundi mpe nusu ya hela, ashone gauni moja la mfano kwanza. Tarehe ya harusi mtajie ya wiki moja nyuma (mafundi wetu unawajua).