Broka langoni, mkataba sandukuni

Barua za wiki hii zimetoka kwa wakulima wa maavokado wa Murang'a, na karibu zote zinauliza jambo moja: mkataba ushikwe au uachwe?

Broka amekuja na pesa taslimu, na bei yake inaishinda ya kampuni tuliyotia sahihi nayo. Majirani wamekataa kumuuzia. Wanaogopa kushtakiwa? – Mkulima, Kandara

Ni nadra kampuni kumfuata mwenye miti ishirini mahakamani. Majirani zako wanapiga hesabu ya mbele. Broka huja tunda likiwa adimu. Matunda yakifurika hapokei simu, na hapo ndipo utalitamani lori la mkataba. Halafu kuna cheti cha GlobalGAP, kile cha kilimo bora ambacho wanunuzi wa nje hukidai. Ni cha kikundi kizima, hukaguliwa kila mwaka, mara nyingi kwa gharama ya mnunuzi, naye akiondoka huondoka nacho. Mzigo ukipungua, lori halipandi kilima kufuata kreti tano. Na watakaojua nani aliuza kando ni wale wale unaokaa nao kwenye chama Jumapili. Aibu hiyo hushika kuliko wino.

Nilitoa kilo 200, nikalipwa kilo 140 tu. Nami nikiuza kando nina kosa? – Mkulima, Kangema

Kosa lipo, ila ningekuwa wewe hasira ingenipanda pia. Kwa nilivyoona, mikataba huvunjikia kwenye upangaji wa matunda kwa saizi na ubora kuliko kwenye bei. Katoni ya kuuza nje huwa ya kilo 4, na "saizi 16" maana yake ni matunda 16 humo, kila moja kama gramu 250. Madogo mno, yenye mchubuko au yaliyonyofolewa kikonyo hukataliwa. Ndiyo maana mchumaji hodari hukata kwa mkasi, akabakiza kikonyo kifupi: penye kidonda ndipo uozo hupenyea. Sawa, lakini yakipangwa Nairobi wewe utajuaje? Daini yapangwe na kupimwa kwenye kituo chenu, mizani mkiiona, na risiti itolewe papo hapo. Makapi yarudishwe, au yalipwe kwa bei ya viwanda vya mafuta.

Mnunuzi amekalia pesa zetu tangu Mei. Tufanyeje? – Kikundi cha wakulima

Nendeni Mahakama ya Madai Madogo. Husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, sheria inaipa siku 60 kuamua, na mnaweza kujisimamia bila wakili. Bebeni mkataba na risiti za mizani.

Mume wangu ndiye aliyetia sahihi, ila kazi ya shamba ni yangu. Kwa broka angalau napata ya mkononi. – Mama wa watoto watatu

Mama, nakuelewa, na kampuni ingekuelewa pia kama ingeuliza. Ombeni mkataba uwe na majina mawili na malipo yaingie kwenye simu mbili. Afisa akisema fomu ina nafasi ya jina moja tu, mwambieni aongeze mstari.