Kabla ya kurusha: masomo ya Johnny Unitas kwa kwotabeki anayeanza

Karibu kila anayeanza nafasi ya kwotabeki, yaani mrusha pasi anayeongoza mashambulizi katika futiboli ya Kimarekani, huuliza namna ya kuurusha mpira mbali. Swali hilo lisubiri. Sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kabla senta, anayeanzisha mchezo kwa kumpa kwotabeki mpira kati ya miguu yake, hajaachia mpira, na mchezaji wa kumsoma kwa jambo hilo ni Johnny Unitas, namba 19 wa Baltimore Colts, aliyecheza NFL, ligi ya kulipwa ya Marekani, kuanzia 1956 hadi 1973. Leo kwotabeki wa NFL hupewa mbinu na kocha kupitia redio iliyo ndani ya kofia. Enzi za Unitas redio hiyo haikuwepo, na mbinu nyingi alizichagua mwenyewe pale pale uwanjani. Ukimfuatilia, unaona akili ya kwotabeki ikifanya kazi bila kufichwa na kocha.

Alizaliwa Pittsburgh mwaka 1933 na akafiwa na baba akiwa na miaka 5. Alichezea Chuo Kikuu cha Louisville, Kentucky. Mwaka 1955 Pittsburgh Steelers walimchukua katika raundi ya 9 ya uteuzi wa wachezaji wapya, kisha wakamwacha kabla ligi haijaanza bila kumchezesha hata mechi moja ya maandalizi. Akarudi kufanya kazi ya ujenzi, na mwisho wa juma akichezea timu ya mtaani, Bloomfield Rams, kwa dola 6 kwa mechi. Mwaka 1956 Colts wakamwita.

Alikuwa wa akiba. Kwotabeki wa kwanza, George Shaw, alipovunjika mguu katika mechi dhidi ya Chicago Bears, Unitas akaingia. Pasi yake ya kwanza ilinaswa na mpinzani, akakimbia nayo hadi tachidauni, yaani bao la kuufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa mwisho. Muda mfupi baadaye akagongana na mkimbiaji wake wakati wa kumkabidhi mpira, ukadondoka. Colts walifungwa 58 kwa 27.

Tuanzie hapo, kwenye kukabidhiana, maana ndiko wanaoanza wanakopoteza mipira mingi. Ukipokea kutoka kwa senta ukiwa umesimama nyuma yake, mkono wa kurushia unakaa juu, viganja vimekutana kwenye vifundo kama bawaba, magoti yamekunjwa. Sukuma mkono wa juu kidogo ili senta ausikie. Kosa la kawaida ni kurudi nyuma kabla mpira haujafika. Mikono inafuata miguu, mpira unaanguka chini. Rudi mikono ikiwa bado imenyooshwa mbele, na iondoke baada ya kuhisi mpira wote kiganjani. Ukimkabidhi mkimbiaji, macho yako yawe tumboni mwake, si usoni. Yeye anainua kiwiko kilicho upande wako, wewe unaubandika mpira tumboni. Yeye anaangalia njia, hauangalii mpira, kwa hiyo ukidondoka lawama ni yako. Fanya mara 30 kila siku ya mazoezi, na kila mkimbiaji wa timu, wale wa akiba pia. Unitas na mkimbiaji wake, Alan Ameche, hawakuwa wamezoeana siku ile, na ilionekana.

Kushika mpira: kidole cha pete na kidole kidogo juu ya nyuzi, cha shahada karibu na ncha, gumba chini. Kati ya kiganja na mpira pabaki nafasi ndogo. Ukiubana na kiganja kizima utatoka ukitikisika. Ubebe kwa mikono miwili usawa wa kifua. Ukishika kwa mkono mmoja, mlinzi mmoja akikupiga kofi mkononi, kwisha.

Hatua za kurudi nyuma zina hesabu: 3 kwa pasi za haraka, 5 kwa pasi za yadi 10 hadi 15, 7 kwa zile ndefu. Anayerusha kwa mkono wa kulia, akipokea mkononi mwa senta, huanza na mguu wa kulia. Hatua ya mwisho ni breki. Usipofunga breki uzito unabaki mguu wa nyuma na mpira unapaa juu ya kichwa cha mpokeaji, ndiko pasi nyingi za kunaswa zinakotoka. Mguu wa mbele uelekee shabaha. Ukivuka upande wa kulia, nyonga zinajifunga na mkono unafanya kazi peke yake. Unitas aliachia mpira kutoka juu ya bega, na kiganja kikamalizia kimegeukia nje, gumba likitazama chini. Si urembo; ndiko mzunguko wa mpira unakotoka.

Sasa tuje kwa Raymond Berry. Mpokeaji huyu alichukuliwa na Colts katika raundi ya 20, hakuwa na mbio, na macho yake yalikuwa mabovu. Yeye na Unitas walikuwa wakibaki uwanjani baada ya wenzao kwenda kuoga, wakirudia njia zile zile anazokimbia mpokeaji kwenda kupokea pasi. Sababu yake ni ya kiufundi. Pasi ya pembeni ya yadi 12 hurushwa kabla mpokeaji hajageuka. Ukisubiri umwone ameshageuka, mlinzi naye ameshamwona, na pasi hiyo ikinaswa pembeni hakuna aliyebaki mbele ya mnasaji isipokuwa wewe. Kwa hiyo chagua njia 3 tu na mpokeaji mmoja, rusha kila njia mara 20, na uhesabu hatua zako kwa sauti. Mkishaelewana ongeza ya nne. Wanaoanza hubeba mbinu 40 za kocha kwenye karatasi ya mkononi na hawana hata moja waliyoizoea.

Zungumzeni pia. Unitas na Berry waliwahi kujadili nini cha kufanya mlinzi akija kusimama uso kwa uso na Berry badala ya kukaa mbali. Mazungumzo hayo yalilipa Desemba 28, 1958, Yankee Stadium, fainali dhidi ya New York Giants. Giants wanaongoza 17 kwa 14, zimebaki kama dakika 2, Colts wako yadi 14 kutoka mstari wao wenyewe. Harland Svare wa Giants akasogea akasimama mbele ya Berry. Berry na Unitas wakatazamana tu. Badala ya njia iliyoitwa, Berry akakata kuingia ndani: yadi 25. Zikafuata mbili nyingine kwake, 15 na 22. Yadi 62 kwa pasi 3, na zikiwa zimebaki sekunde 7 Steve Myhra akapiga mpira kwa mguu katikati ya nguzo, pointi 3, 17 kwa 17.

Muda wa ziada ndio darasa lenyewe. Colts walianza kwenye yadi 20 yao. Unitas aliona Sam Huff, mlinzi wa kati, ameanza kurudi nyuma kumsaidia mwenzake dhidi ya Berry. Nafasi aliyoiacha ikawa tupu, na Unitas hakurusha: akampa Ameche mpira katikati, zaidi ya yadi 20. Karibu na mstari, Giants wakijazana mbele kumsubiri mkimbiaji, akampa Jim Mutscheller pasi pembeni hadi yadi 1. Ameche akamaliza, 23 kwa 17. Mpira ulianzishwa mara 13, yadi 80.

Wewe anza na mambo matatu ukifika kwenye mstari, kwa mpangilio huu huu. Kwanza hesabu walinzi wa mwisho: akiwa mmoja katikati, pembeni kuna upenyo, wakiwa wawili, mbele wamepungua, na kukimbia na mpira ni rahisi zaidi. Pili, angalia mlinzi wa kati amesimama umbali gani, na je, ni pale pale alipokuwa mpira ulipoanzishwa mara iliyopita? Huff alisogea kidogo tu. Tatu, umbali wa mlinzi wa pembeni na mpokeaji wako: akikaa yadi 7 au 8, pasi fupi ipo bure. Yote haya yachukue sekunde 3 au 4. Usimkodolee macho mpokeaji unayemtaka. Walinzi wanasoma macho yako kama wewe unavyosoma miguu yao.

Utanaswa tu. Unitas alirusha pasi ya tachidauni katika mechi 47 mfululizo, rekodi iliyodumu kutoka 1960 hadi Drew Brees alipoivunja 2012, lakini pia alinaswa mara 253 dhidi ya tachidauni 290. Baada ya kunaswa andika vitu viwili: ulinzi ulikuwaje, na ulichelewa au ulikosea shabaha. Kuchelewa kunatibiwa na hesabu ya hatua. Kukosea shabaha kunatibiwa na miguu. Ukivichanganya utarekebisha mkono usio na kosa.

Mkono wenyewe una bei. Mwaka 1968, katika mechi ya maandalizi, Unitas aliumia kiwiko cha kulia, na Earl Morrall akaongoza timu karibu msimu wote. Aliendelea kucheza miaka kadhaa, hata kutwaa Super Bowl V, fainali ya NFL, lakini uzeeni vidole vya mkono ule vilikuwa havishiki vizuri tena. Kwa hiyo hesabu pasi zako za mazoezi na uziandike, pamoja na zile unazorusha na rafiki nyuma ya nyumba. Anza na yadi 5, kisha 10, kisha 20, kila umbali mara 10, kabla hujajaribu ndefu. Maumivu ya misuli ya bega siku ya pili ni ya kawaida. Maumivu ya upande wa ndani wa kiwiko unapoachia mpira si ya kawaida: siku hiyo weka mpira chini, mwambie kocha, na zoezi lako liwe kuhesabu walinzi ukiwa umesimama pembeni ya uwanja.