Jibu: Mji mpya, salamu nyingi lakini marafiki hakuna

Ndugu, umesema una miezi mitatu hapo, watu wanakusalimu vizuri lakini hakuna anayekukaribisha kwake, na umeanza kuwaona wana maringo. Usiwahukumu mapema. Wengi muda wao umeshajaa ndugu na marafiki wa zamani. Hawakukatai, hawajapata tu sababu ya kukutana nawe tena.

Sababu hiyo itengeneze wewe. Chagua shughuli moja ya kila wiki, siku ileile, watu walewale: kwaya, timu ya mazoezi, darasa la jioni, kazi ya kujitolea. Sherehe kubwa hazisaidii sana, maana kila mara unaanza upya na sura ngeni. Utafiti wa Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, uliotoka mwaka 2018, ulikadiria kwamba kutoka kufahamiana hadi urafiki wa kawaida huchukua takriban saa 50 za kuwa pamoja, na urafiki wa karibu zaidi ya saa 200. Ukikutana nao saa 2 kwa wiki, hizo 50 tu ni karibu nusu mwaka. Kwa hiyo ukiacha wiki ya nne, umeacha mapema mno.

Fika dakika kumi kabla, na usikimbilie kuondoka. Watu hufunguka wakati wa kupanga na kukusanya viti. Ukialika, taja siku, saa na mahali. "Tutafutane siku moja" haimfungi mtu. Akikataa mara mbili bila kupendekeza siku nyingine, mwache kwa amani, jaribu mwingine. Na zile simu ndefu ulizosema unawapigia watu wa kwenu kila jioni, zipunguze kidogo. Zinakula saa zilezile unazozihitaji huko.