Ghala la Njiro na malori ya usiku

Kaka, umeuliza kama ni kweli kuna ghala la taka za nyuklia hapa Arusha na malori yanazishusha usiku. Ghala lipo, wala si siri. Linasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki, hao wenye ofisi pale Njiro, hapa hapa Arusha. Ila nchi hii haina kinu cha umeme wa nyuklia, kwa hiyo usifikirie zile taka za Ufaransa au Japani. Kinachohifadhiwa ni vyanzo vya mionzi vilivyokwisha kazi: kobalti-60 ya mashine za kutibu saratani, sesiamu-137 (cesium) ya vifaa vya kupimia viwandani na vya kupima ushindiliaji wa barabara. Kobalti hupungua nguvu kwa nusu kila miaka 5 na kidogo, sesiamu kila miaka 30 hivi.

Mimi ghala halininyimi usingizi. Kinachonitisha ni chanzo ambacho hakijafika ghalani. Goiânia, Brazil, 1987: waokota chuma chakavu walibeba kifaa cha tiba kwenye kliniki iliyotelekezwa, wakakipasua, unga wa sesiamu unaong'aa ukagawanwa kwa ndugu na majirani. Wanne walikufa. Sasa fikiria vijana wa skrepa pale mtaa wa Unga Limited hapa Arusha, nani amewaonyesha ile alama ya mionzi?

Suala la usafirishaji mbane diwani wako: mzigo ukipita, zimamoto wanaambiwa? Wana kipima mionzi? Hayo aulize barazani, achaneni na klipu za WhatsApp.