Uliza Kahawa Imetoka Kijiji Gani

Nimekulia kihambani, upande wa kusini wa Mlima Kilimanjaro, katika nyumba iliyozungukwa na migomba na mibuni. Kahawa ndiyo iliyonilipia ada ya sekondari, na ndiyo iliyoezeka mabati kwenye jiko la mama. Lakini vikombe vyetu vilijaa chai ya rangi, asubuhi na jioni. Kahawa tuliichuma, tukaimenya kwa mashine ya mkono, tukaivundika, tukaiosha, tukaianika, kisha ikabebwa gunia kwa gunia hadi chama cha msingi cha ushirika. Hatukuiona tena.

Nilikuwa na miaka 26 nilipoionja kwa mara ya kwanza ikiwa imekaangwa vizuri. Ilikuwa Dar es Salaam, mtaa wa nyuma kule Kinondoni. Natoka kwa fundi cherehani, nikasikia harufu kama ya mkate unaoanza kuungua, tamu na kali kwa pamoja. Nikaifuata hadi kwenye fremu moja ya duka. Ndani palikuwa na meza tatu, mashine ya espreso iliyonunuliwa kuukuu, na kijana aliyekuwa akikaanga buni kwenye mtambo mdogo wa gesi. Nikamuuliza ni kahawa ya wapi. Akanitajia kijiji, na kijiji chenyewe kinapakana na chetu, ng'ambo ya mto. Kama wiki tatu kabla alikuwa amekwenda kuwaona wakulima wake. Akanimiminia kikombe bila sukari. Kilikuwa na ukali wa ndimu, halafu utamu uliokuja taratibu kama wa sukari guru. Nilishindwa kusema kitu. Niliwaza mikono ya mama yangu.

Tangu siku ile, kila mji ninaofika natafuta mkahawa mdogo wa namna hiyo, na watu huniuliza ninaupataje. Nieleze basi.

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Mkahawa, au mgahawa kama tulivyozoea huku Bara, ni neno lililotokana na kahawa. Mahali pa kula na kunywa tulipapa jina la kinywaji hiki. Lakini leo ukiingia mgahawani utapata wali, ndizi, supu na chapati, na ukiagiza kahawa, mara nyingi utaletewa chupa ya maji ya moto na kopo la kahawa ya unga. Nchi hii inalima aina mbili za kahawa, arabika Kilimanjaro, Arusha, Mbeya, Songwe, Ruvuma na Kigoma, na robusta Kagera, lakini sehemu kubwa kabisa ya mavuno hupanda meli. Ndiyo maana namheshimu sana mtu anayekodi fremu, akanunua gunia moja la kahawa safi, akasema hii tutainywa hapahapa.

Kama hujawahi kuitafuta kahawa, anzia kijiweni. Usianzie penye viti vya kifahari. Watu wa Pwani hawakusubiri mashine kutoka Italia: kahawa chungu imekuwapo, inachemshwa na tangawizi, wengine wakitia iliki au mdalasini, inakaa kwenye dele juu ya jiko la mkaa, inamiminwa kwenye vikombe visivyo na mikono vinavyojaa mafunda matatu. Muuzaji anayetembeza huvigonganisha vikombe vyake, na mtaa mzima unajua amefika. Ukienda Unguja, nenda Jaws Corner pale Mji Mkongwe baada ya alasiri, uwakute wazee barazani na siasa zao. Ukiwa Dar, kila mtaa wa Magomeni au Kariakoo una kijiwe chake. Toa salamu, kaa pembeni, chukua kashata moja, sikiliza kabla hujachangia. Kikombe nilichonunua kwa shilingi 100 zamani leo ni 200 sehemu nyingi ninazopita, na ukiwalipia wawili waliokukaribisha kwenye benchi hutakuwa umefilisika. Hapo utajifunza jambo ambalo mikahawa mingi mipya imelisahau: watu huja kwa ajili ya kahawa na hubaki kwa ajili ya watu.

Na wauza kahawa wa vijiweni ndio wanaoujua mji. Mara mbili nimeelekezwa na wao kwa mtu anayekaanga kahawa, kwa sababu ndiko wanakonunua unga wao. Ukiwa mji mgeni, muulize muuza kahawa ananunua wapi. Muulize na dereva wa bodaboda ni wapi wanapokaanga kahawa. Usimuulize mkahawa mzuri uko wapi, maana atakupeleka penye taa nyingi.

Ukifika, uliza maswali mawili kabla ya kuagiza. La kwanza: imetoka wapi? Akikujibu "Tanzania", hajui. Akikujibu wilaya, kama Mbinga au Mbozi, amejitahidi. Akikutajia kijiji au chama cha msingi, vuta kiti. Sisemi hivi kwa kujionyesha. Anayejua kijiji amelipa kwa njia inayoweza kufuatiliwa, na kahawa ikiharibika anajua pa kurudi kuuliza kulitokea nini. Niliwahi kuingia mahali fulani pakubwa mjini, kuta zimejaa picha za mlima wangu, nikauliza swali hilo. Mhudumu akasema ni ya kawaida tu. Buni zilizokuwa kwenye chupa ya kioo ziling'aa mafuta na kunuka kama karanga zilizokaa mwaka. Picha za mlima ukutani zilinitia uchungu kuliko kahawa yenyewe.

Swali la pili: imekaangwa lini? Tarehe ya mwisho ya matumizi kwenye pakiti haikusaidii sana. Kahawa ikitoka kwenye moto huendelea kutoa hewa ya kaboni kwa siku kadhaa, na ni vizuri ipumzike kidogo kabla ya kunywewa. Baada ya hapo ina wiki chache za ubora wake, kisha ladha inaanza kufifia. Ikishasagwa, huharibika kwa kasi zaidi, kwa hiyo napendelea mahali ninaposikia mashine ya kusaga ikilia kila mtu anapoagiza. Mkahawa mdogo unaokaanga kilo chache kila wiki una nafasi nzuri hapa kuliko mkubwa wowote, maana kahawa yake haina muda wa kuchakaa.

Kuna jambo dogo ambalo wengi hawaliwazii, nalo ni maji. Maji ya visima vingi vya Dar yana chumvi, na kahawa ya kijiji gani sijui haitakuokoa yakitumika hayo. Ukiona mtu mwenye meza tatu tu lakini ana madumu ya maji yaliyochujwa nyuma ya kaunta, huyo amejua kazi yake. Yule kijana wa Kinondoni, umeme ukikatika, alikuwa akiwasha jiko la mkaa, akachemsha maji hayohayo na kuyapitisha kwenye chujio la kitambaa. Baadhi ya vikombe vizuri zaidi nilivyowahi kunywa vilitoka gizani.

Kikombe cha kwanza kinywe bila sukari wala maziwa. Subiri kipoe kidogo, kwa sababu kikiwa cha moto sana ulimi hauonji kitu. Usipokipenda, sema, uongeze maziwa bila aibu. Robusta ya Kagera ina nguvu na uchungu mzito, na kafeini yake inakaribia mara mbili ya arabika, kwa hiyo maziwa inayabeba vizuri. (Wahaya wana njia yao ya zamani zaidi ya kuifurahia: matunda huchemshwa na majani yenye harufu nzuri, hukaushwa, hutafunwa, na mgeni hukaribishwa nayo. Ukipita Bukoba usiondoke bila kutafuna.) Arabika ya kwetu ni nyepesi na ina ule uchachu ambao kwa asiyezoea unafanana na kosa la mpishi. Ipe vikombe vitatu kabla hujaihukumu.

Sasa bei, maana hapa ndipo rafiki zangu hunigombeza. Shilingi 5,000 kwa kikombe, wakati kijiweni ni 200! Ninaielewa hasira hiyo, na hakuna ubaya kunywa kijiweni siku sita na mkahawani siku moja. Lakini piga nami hesabu. Kikombe cha espreso mbili hutumia gramu kama 18 za kahawa iliyokaangwa. Kukaanga hupunguza uzito kwa asilimia 15 hadi 20, na kupata kilo moja ya kahawa safi, yaani buni zilizokobolewa lakini hazijakaangwa, kunahitaji kilo kama 6 za matunda mabichi. Kwa hiyo ndani ya kikombe hicho kuna matunda mekundu karibu 70. Kila tunda lilichumwa kwa vidole, peke yake, kwa sababu tawi moja lina mekundu na mabichi pamoja, na mchumaji anarudi kwenye mti uleule mara kadhaa kwa msimu. Nimezifanya kazi hizo. Kabla ya hapo kuna kupogoa, kuna magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani, kuna mvua iliyochelewa. Mimi swali langu si kwa nini kikombe ni 5,000. Swali langu ni kiasi gani cha hiyo 5,000 kilimfikia aliyechuma, na ni mikahawa midogo pekee ambako nimewahi kujibiwa kwa takwimu, mtu akinifungulia daftari lake la manunuzi.

Hapa niseme jambo linaloniuma. Ile fremu ya Kinondoni haipo tena. Ilidumu karibu miaka mitatu. Nilikuwa naipenda, naisifia kwa kila mtu, na nilikuwa nakwenda pale Jumamosi na kompyuta yangu, naagiza kikombe kimoja, nakalia moja ya zile meza tatu tangu saa nne hadi saa nane. Sikuwahi kununua hata robo kilo ya kwenda nayo nyumbani. Kodi ya pango aliilipa ya miezi sita kwa mkupuo, na mara ya mwisho hakuipata. Siku nilipokuta mlango umefungwa nilisimama pale kama mtu aliyefika msibani amechelewa. Aliyekaanga kahawa ya majirani zangu alikuwa ameshindwa kulipa pango, na mimi nilikuwa nimempa sifa.

Kwa hiyo nimebadilika, na naomba nawe ubadilike. Nunua pakiti kila mwezi. Kama unataka kufanya kazi pale, agiza tena kila baada ya saa moja, na saa ya chakula waachie wengine meza. Kahawa ikiwa mbaya siku hiyo, mwite mwenyewe pembeni umwambie kabla hujaandika mitandaoni, kwa sababu mtu wa meza tatu anaweza kuirekebisha kesho yake asubuhi. Mlete mgeni mmoja, umlipie. Mkahawa mkubwa hautajua kama ulikuja au hukuja. Mdogo unajua, tena unakumbuka unavyopenda.

Mwaka jana mwezi wa tisa, msimu wa kuchuma, nilimshusha mama Moshi mjini. Huo ndio mji wa kahawa: bodi ya kahawa iko pale, mnada uko pale, na KNCU, chama kikuu cha ushirika wa mlima wetu, kilianzishwa mwaka 1933. Mama ameupelekea mji huo kahawa maisha yake yote na hakuwahi kukaa chini mahali akaagiza kikombe. Nilimpeleka kwenye mkahawa mmoja mdogo karibu na soko. Binti aliyekuwa kwenye mashine akamwamkia, "Shikamoo mama," akamletea kahawa pamoja na sahani ndogo yenye buni chache zilizokaangwa, azione.

Mama hakunywa kwanza. Alizinusa buni. Akaomba aletewe ambazo hazijakaangwa. Binti akaleta kiganja kizima. Mama akazitawanya mezani kwa kidole kama anavyochambua maharage, akatoa tano, akasema, "Hizi zilianikwa chini. Ona rangi. Mtu huyu hana meza ya kuanikia, au meza zilimjaa." Binti akavuta kiti akakaa. Akamuuliza mama wanavundika muda gani kwao, na baridi ikizidi wanafanyaje, naye anaandika nyuma ya risiti. Kahawa ya mama ikapoa, akainywa hivyohivyo, nusu, akasema ni nzuri ila anataka sukari.

Tulipoinuka aliona ndoo ya machicha ya kahawa chini ya kaunta, akauliza wanayatupa wapi. Akaomba apewe ya migomba yake. Tulipanda daladala na mfuko mweusi unaovuja mapajani kwake, unanukia gari zima, na binti yule sasa ana ndoo ya pili yenye jina la mama yangu, ambayo mdogo wangu huipitia kila Ijumaa akitoka sokoni.